Kuzalisha Miche ya Kahawa kwa Vikonyo



Mbuni ni mti wa miaka mingi. Mkulima akikosea mbegu ya mahindi hujuta msimu mmoja. Akikosea mche wa kahawa hujuta miaka, kwa kuwa mavuno ya kwanza ya maana huja mwaka wa tatu hivi, na hadi hapo palizi, mbolea na jasho vimekwisha kutumika. Ndiyo sababu mche ni jambo la chama kizima, wala si la mwenye bustani peke yake.

Adui mkubwa wa kahawa ya arabika katika nyanda za juu ni chulebuni, ugonjwa ulioripotiwa kwanza nchini Kenya mwaka 1922, ambao huozesha matunda yangali mabichi. Aina za zamani kama N39 na KP423 zina sifa njema ya ladha, lakini huhitaji kupuliziwa dawa mara kwa mara, na gharama ya dawa hupunguza malipo ya mkulima. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, yenye makao yake Lyamungu mkoani Kilimanjaro, imetoa aina chotara zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani.

Hapo ndipo faida ya kikonyo inapoonekana. Mbegu iliyochumwa katika mti chotara haimfuati mzazi: miche yake hutofautiana, na mingine huweza kushambuliwa na ugonjwa uleule. Kikonyo ni kipande cha mti wenyewe. Kwa hiyo mche wake huwa sawa na mama yake.

Hata hivyo, si kila kipande cha mbuni kinafaa. Vikonyo hukatwa katika machipukizi yaliyosimama wima kutoka kwenye shina. Tawi la ubavuni, lile lizaalo matunda, huweza kutoa mizizi, lakini mche wake hukua kwa kutambaa ubavuni na hausimami kuwa mti. Mnunuzi asiyejua huuona mche huo una majani mazuri, akaupanda, kisha akaupoteza.

Kazi yenyewe yataka utulivu. Mashina mama huinamishwa au kukatwa ili yachipue. Machipukizi yangali ya kijani hukatwa asubuhi kwa kisu kikali na safi, yakatunzwa kivulini. Kila kikonyo huwa na kifundo kimoja, na chini yake kipande kifupi cha shina kilichokatwa mshazari. Majani hupunguzwa nusu ili maji yasipotee upesi. Kisha vikonyo huchomekwa katika sanduku lenye mchanga au udongo mwepesi wenye unyevu, likafunikwa kwa nailoni na kuwekewa kivuli. Baada ya miezi mitatu au minne vyenye mizizi huhamishiwa katika vifuko, na kuzoeshwa hewa na jua kidogo kidogo. Mwenye haraka ya kufunua nailoni huua kazi ya miezi kwa siku moja.

Kwa wakulima wa robusta, kama walioko Kagera, kuna jambo la kuongeza. Arabika hujichavusha yenyewe, lakini robusta haijichavushi. Shamba lililojazwa vikonyo vya mti mmoja litachanua sana na kuzaa haba. Hapana budi aina kadhaa zichanganywe.

Sasa lipo la Katibu. Bustani mama ya chama iwe na kibao kwa kila aina, na vikonyo vya aina mbili visiwekwe pamoja bila alama. Daftari lionyeshe aina, siku ya kukata, idadi iliyoota mizizi na jina la kila aliyechukua miche. Mwanachama akirudi mwaka wa tatu na malalamiko, na daftari likiwa tupu, chama hakitaweza kujua kosa lilitokea wapi. Na imani ikiondoka, hata mche mzuri utakaofuata hautapata mpandaji.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mbuni nao hulelewa tangu siku ya kisu.