Shetani Hapatani Bei na Bodaboda

Msikilizaji, hapa Isongole, Wilaya ya Ileje inapopakana na Chitipa ya Malawi, utetezi ni ule ule, mtu akamatwe na watu wa forodha au aitwe na wazee wa kanisa: shetani alinipitia. Ni utetezi wa kale. Adamu alimsukumia Hawa, Hawa akamsukumia nyoka, na wote wawili wakatolewa bustanini. Yakobo, katika sura ya kwanza ya waraka wake, anaufunga mlango huo kabisa. Kinachomvuta mtu, anasema, ni tamaa yake mwenyewe, na dhambi ni mtoto wa tamaa hiyo. Shetani anamtaja baadaye, sura ya nne, na hapo waumini wanaambiwa wampinge tu, atakimbia.

Sasa tuyatazame magendo kwa kipimo hicho. Mzigo wa sukari hauvuki Mto Songwe kwa bahati mbaya. Kuna aliyepiga simu ng'ambo kuuliza bei, aliyepatana na bodaboda, aliyesubiri giza na kuchagua njia ya panya isiyo na doria. Shetani wa kupitia hana subira ya namna hiyo. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa Kaskazini aliyefariki mwaka 430, alipofafanua Mahubiri ya Mlimani alitaja hatua tatu: wazo huingia, moyo hulifurahia, kisha nia huliridhia. Wazo kuingia si dhambi. Yesu mwenyewe alijaribiwa nyikani siku 40, naye hakutenda dhambi. Utaniuliza, mbona Yesu huyo huyo alisema anayemtazama mwanamke kwa kumtamani amekwisha kuzini moyoni? Augustino alilijibu hilo: anayelaumiwa ni yule anayetazama ili atamani, yaani amekwisha kuridhia. Kwa hiyo kijana anayejilaumu usiku kucha kwa sababu wazo lilimpitia atulie. Mwenye mzigo wa sukari ndiye asitulie, maana yeye aliridhia tangu alipopiga ile simu.

Wapo watakaosema njaa haina baunsa. Biblia inalijua hilo: Mithali sura ya 6 inakiri kwamba watu hawamdharau mwizi aliyeiba kwa njaa, ila bado inamtaka alipe. Umaskini hulifanya jaribu kuwa zito na hupunguza lawama. Uamuzi unabaki wa mtu. Halafu, tuseme kweli, mwenye njaa mara nyingi ni yule kijana wa bodaboda. Tajiri wa mzigo amelala kwake, ameshiba.

Wengine watasema mpaka wenyewe ni wa wakoloni, Wajerumani na Waingereza waliufuatisha mto huu katika mkataba wa mwaka 1890 bila kuwauliza wenyeji. Hoja hii ina uzito, na binafsi sitamwita mwenye dhambi mama anayempelekea shangazi yake wa ng'ambo debe la mahindi. Lakini kati ya debe la shangazi na shehena ya usiku pana tofauti kubwa, na wavushaji wanaijua. Ndiyo maana mama huyo huvuka mchana.

Linalonisumbua zaidi ni nidhamu ya makanisa yetu. Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na tangu enzi za misheni mkoa huu wa Songwe unajua maana ya kutengwa na Meza ya Bwana. Lakini anayetengwa haraka ni nani? Ni binti aliyepata mimba, kwa kuwa tumbo halifichiki. Aliyempa mimba haulizwi sana, na mvushaji anakaribishwa kiti cha mbele siku ya harambee. Mtanijibu kwamba kanisa si polisi, haliwezi kupekua mifuko ya waumini. Sawa, lisipekue. Ila Kumbukumbu la Torati sura ya 23 inakataza mapato ya aina fulani yasiletwe nyumbani mwa Mungu, hata kama yametolewa kuwa nadhiri, kwa hiyo kuuliza fedha imetoka wapi si jambo geni kwa Wakristo. Wazee wa kanisa wa Isongole, Mpemba na Tunduma, kabla hamjamtenga binti mwingine, muulizeni kwanza mgeni rasmi wa harambee yenu fedha yake ameipataje.