Jaa Likifungwa, Kazi Ndiyo Kwanza Yaanza

(Hotuba iliyosomwa na watu wa genge la njia ya reli katika mkutano wa tawi, Mombasa)



Sisi ni watu wa njia. Kazi yetu ni mataruma, kokoto na tuta. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi ya misheni, kwa hiyo msitungojee maneno makubwa. Tumekuja kusema juu ya jaa la taka. Mtu akiuliza reli na taka zahusiana wapi, tutamjibu.

Nyote mwapajua Kibarani. Reli ya zamani ikitoka Changamwe kwenda kisiwani yapita huko, karibu na hori ya Makupa. Kwa miaka mingi taka za mji zilimwagwa pale, ukingoni mwa maji. Sisi tulifanya kazi karibu na hapo tumejifunga vitambaa puani. Siku za upepo moshi ulitanda njiani hata mlinzi wetu mwenye bendera hakuona mbali. Maji yakijaa yalibeba taka, yakipwa yaliacha tope jeusi. Wataalamu waliopima tope la hori hiyo walikuta madini mazito, kama risasi na kadimi. Na watu wa mji huu hula samaki.

Siku moja tulikwenda afisi fulani mjini tukauliza: Je, jaa hili lina leseni, na masharti yake ni yapi? Tukajibiwa: "Nyinyi ni watu wa reli, rudini relini." Tukarudi. Ndugu, hapo tulikosa, na leo twakiri mbele yenu. Hatukukosa kwa kuuliza. Tulikosa kwa kurudi mikono mitupu, bila kuandika hata barua moja.

Kila mtu wa reli ajua kwamba gari la moshi haliondoki stesheni mpaka dereva apewe ruhusa kuwa njia ya mbele i wazi. Ruhusa hiyo si pambo, ni roho za watu. Leseni ya jaa ni vivyo hivyo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yasema mtu haruhusiwi kuendesha mahali pa kutupa taka bila leseni ya NEMA, na lori la taka nalo lazima liwe na leseni, na liende mahali penye leseni. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliongeza kwamba mwenye jaa afanye ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Basi leseni si karatasi ya kutundika ukutani mara moja ikasahauliwa. Ni ahadi inayopasa kukaguliwa.

Mwaka 2018 jaa la Kibarani lilifungwa. Malori yakaelekezwa Mwakirunge, upande wa Kisauni. Kibarani pakaanza kusawazishwa, pakamwagwa udongo, pakapandwa miti. Sisi tulifurahi, wala hatutaki kumnyima mtu sifa yake. Lakini watu wa tuta tuna neno la kusema hapa.

Tuta jipya hushuka. Ukilijaza udongo leo, mvua mbili tatu zikapita, utakuta reli imelala upande, na genge laitwa kuinua tena. Nalo ni la udongo na mawe! Sembuse mlima wa taka? Taka zaoza miaka mingi chini ya udongo. Zikioza, zashuka. Zatoa gesi iwezayo kuwaka. Zatoa maji machafu yanayotafuta njia ya chini, na hapo Kibarani njia ya chini ni bahari. Kwa hiyo ardhi ya jaa haifufuliwi kwa majani na maua tu. Yataka udongo mzito wa kuzuia mvua, mabomba ya kutolea gesi, mifereji ya kukusanya maji machafu, na mtu wa kupima kila mwaka. Huko New York, Marekani, jaa kubwa la Fresh Kills lilifungwa mwaka 2001, nao wakaanza kuligeuza bustani. Sehemu ya kwanza ndani ya eneo la taka ilifunguliwa kwa watu mwaka 2023. Miaka ishirini na miwili! Mwenye kuwaambia kuwa kazi ya namna hii ni ya msimu mmoja, muulizeni kama amewahi kushika sururu.

Tena kuna watu. Waokotaji waliokula kwa jaa wamekwenda wapi jaa lilipofungwa? Na wenzetu wanaopakia malori, je, wana glavu na viatu? Sheria ya usalama kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kumkinga mfanyakazi. Na watu wa Mwakirunge, je, wao si watu? Taka zikitoka mlangoni pangu zikaenda mlangoni pako, mji haujasafishwa. Umehamisha uchafu tu.

Mwisho, tuitazame ardhi yenyewe. Katiba ya mwaka 2010 yasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni mali ya umma. Nchi hii twaijua: mahali pakinuka hapana mwenyewe, pakinukia wenyewe hujitokeza na hati mkononi. Tuangalie bustani ya leo isiwe kesho ukuta na lango la mtu mmoja.

Basi twauomba mkutano ukubali mambo matatu.

Kwanza, tawi liandike barua kuomba nakala ya leseni ya jaa la Mwakirunge na ripoti za ukaguzi wake. Sheria ya mwaka 2016 yampa mwananchi haki ya kuomba habari, na afisa ana siku 21 za kujibu.

Pili, tuombe mpango wa kuitunza Kibarani, ulioandikwa: nani apima gesi, nani apima maji, na kwa miaka mingapi.

Tatu, tukutane na wenzetu wa usafi na waokotaji, tuseme kwa sauti moja. Katiba yampa kila mtu haki ya mazingira safi, tena yamruhusu kwenda mahakamani hata kabla hajaonyesha kuwa ameumia.

Ndugu, safari ile tulikwenda watu wanne, tukafukuzwa. Safari hii twende kama chama, barua mkononi, na nakala tubaki nayo.

Umoja ni nguvu.