KILIMIA: MPANGO WA NYOTA ZAKE



Mkazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe atazamaye mashariki jioni za Novemba huona fungu dogo la nyota zilizosongamana. Hicho ndicho Kilimia, ambacho jina lake latokana na kulima. Mwezi wa Mei, mvua za masika zinaponyesha, hufichwa na mwanga wa jua.

Macho matupu huhesabu nyota sita au saba. Mwaka 1610 Galileo, kwa darubini yake, alichora 36. Leo zajulikana zaidi ya 1,000.

Wala hazikutawanyika ovyo. Kila nyota huvuta nyenzake. Katika kuvutana huko, nyota nzito hupungukiwa na mwendo zikakaribia katikati. Nyepesi huongezewa mwendo zikasogea ukingoni, na baadhi huliacha kundi kabisa. Hivyo Kilimia chapungua kidogo kidogo, na baada ya mamilioni ya miaka kitasambaratika.

Lakini taa za bandari na za barabara huzificha nyota hafifu tangu sasa. Mzazi atakaye kumwonyesha mwanawe Kilimia hana budi kumpeleka penye giza.