Meza ya Kupokelea Wanachama



Nimetakiwa niseme juu ya vitabu vya hesabu. Kwa idhini yenu nitaanza na meza ya karani iliyo karibu na mlango, kwa kuwa hesabu nyingi mbovu hufika hapo kabla ya kufika kwangu.

Mkulima ajaye na stakabadhi ya kilo 64 za kahawa, hali leja yasema 46, hakuja kugombana. Ameleta kosa ambalo mkaguzi angeligundua baada ya miezi mingi, ama asingeligundua kamwe. Akiambiwa "njoo kesho", kosa hubaki kitabuni, naye hurudi kijijini akisema kilo zake 18 zimeliwa. Malipo kupitia benki na simu hayakuiondolea meza hiyo kazi: ujumbe wa simu mara nyingi hutaja fedha zilizoingia tu, na makato mwanachama huja kuyauliza kwenu.

Basi asalimiwe, apewe kiti (mzee hasimamishwi dirishani), na shida yake iandikwe daftarini pamoja na tarehe na jina la aliyempokea. Leja ifunguliwe mbele yake. Asiyejua kusoma asomewe polepole. Jibu lisipopatikana, apewe siku ya kurudi, na siku hiyo jibu liwepo. Tarakimu isahihishwe kwa saini ya katibu, si kwa kufutwa.

Habari ya wajane yataka uangalifu zaidi. Mjane hufika na stakabadhi za marehemu zimefungwa katika pindo la kanga, wala hajui kama marehemu alikuwa na hisa. Apewe pole kwanza, kisha itazamwe rejista kuona mrithi aliyeandikishwa. Nimekuta rejista ambazo safu ya mrithi ni tupu tangu ukurasa wa kwanza. Hapo karani hana la kumjibu, na lawama ni ya waliompokea marehemu siku alipojiunga.

Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1976, vyama vikuu vilipovunjwa, mpaka sheria ya 1982 ilipovirudisha. Katika miaka hiyo mkulima alidai fedha zake kwa mamlaka za mazao, ambako hakuwa na hisa wala kura. Kwenu anazo zote mbili.

Katika ukaguzi ujao nitaomba daftari la mezani kabla ya kitabu cha fedha. Chama kisicho nalo kinunue. La kurasa mia moja latosha kwa msimu.