Kabla ya kuvuka mupaka, tayarisha simu yako

Maneno ya komite kwenye mkutano wa memba, Uvira



Sisi tuliorudi, jamaa zetu bado ziko pande mbili. Huyu anaenda Bujumbura kwa matibabu, yule anapanda boti kwenda Kigoma kuona wazazi waliobaki kambi ya Nyarugusu, ao kufuata karatasi za masomo za watoto. Sanduku letu linasaidia nauli. Lakini feza nyingine inakwisha bure ndani ya simu, kisha mtu hapatikani. Jamaa moja ilipata kilio hapa, baba alikuwa ng'ambo na simu bila unite. Habari ilimfikia wakati mazishi yalikuwa yamekwisha. Ndiyo maana leo tunaongea juu ya simu.

Kwanza, romingi. Huku kwetu karibu na mupaka, simu inaweza kukamata mtandao wa Burundi hata wewe hujatoka nyumbani. Hapo unalipa bei ya ugenini, na mara nyingi unakatwa hata ukipokea tu. Ingia kwenye mipangilio ya simu, zima romingi ya data, na uchague mtandao wako wewe mwenyewe. Usiiachie simu ichague.

Pili, ukienda kukaa siku nyingi, nunua kadi ya huko. Wale waliokaa Tanzania wanajua: kadi wanaiita laini, unite ni vocha, forfe ni bando. Mgeni anaandikisha laini kwa pasipoti na alama za vidole. Enda kwenye duka la kampuni. Laini ya njiani iliyo kwa jina la mtu mwingine, siku akiifunga, namba imekwenda. Kadi yako ya Congo usiitupe, kwani feza zako za simu ziko kwenye namba ile. Simu ikiwa na nafasi mbili, iache ndani. Ikiwa na moja, ifunge kwenye karatasi na uiweke pamoja na pasipoti.

Tatu, WhatsApp. Ukiweka kadi mpya, inaweza kukuuliza kama unabadilisha namba. Kataa. Itaendelea na namba ya Congo, na watu wako watakupata palepale. Zima picha na video zisijipakue zenyewe. Tuma maandishi ao sauti fupi. Video ndiyo inakula mega.

Nne, wazee wengi hawana WhatsApp. Na hao mpatane saa. Bujumbura na sisi tuko na saa sawasawa, lakini Kigoma wanatutangulia: hapa ikiwa saa moja ya jioni, kule ni saa mbili. Mwenye bei nafuu ndiye apige, mwingine abipi tu. Andika namba zote na alama ya jumlisha: +243 Congo, +257 Burundi, +255 Tanzania, na uondoe ile sufuri ya mbele. Ziandike pia kwenye karatasi, juu simu inaweza kuibiwa.

Sasa ombi letu. Kabla ya kuondoka, acha kwa mwandishi wa chama namba yako na namba ya mtu mmoja kule unakoenda. Ukifika, tuma neno moja tu: "Nimefika." Ukinunua kadi mpya, tuma namba yake siku ile ile.

Na ninyi wafadhili, mkiona kwenye hesabu ya safari mstari wa simu, mujue ni kadi moja na forfe ndogo. Si anasa. Kwa watu waliokwisha kutengana mara moja kwa sababu ya vita, kupatikana ni sehemu ya msaada kama nauli yenyewe.

Wanaovuka, safari njema. Wanaobaki, muache simu wazi.