Mtoto mwenye mgongo wazi na kimo chake

(Muziki unashuka.)

Leo tunaongea nawe mzazi, au bibi unayelea mjukuu, wa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi. Alifanyiwa upasuaji, kidonda kikapona, na sasa unajiuliza: mbona wenzake wanamzidi kimo?

Mishipa ya fahamu inayokwenda miguuni iliharibika kabla hajazaliwa. Misuli isiyopata amri kutoka kwenye ubongo hubaki myembamba, na miguu hairefuki kama ya wengine. Mara nyingine uti wa mgongo nao hupinda. Kwa hiyo ufupi peke yake si ushahidi kwamba unamnyima chakula, hata majirani waseme nini.

Hapo ndipo wengi hupotea. Wakiona miguu myembamba, wanaongeza uji, mafuta na sukari. Lakini mtoto asiyetembea sana hutumia nguvu kidogo, na chakula kinachozidi kinamnenepesha. Akiwa mzito anashindwa kusimama kwa magongo, anapata vidonda matakoni asivyovihisi, na wewe mama utambebaje akifika miaka 12? Mpe maharagwe, samaki, sombe na matunda, sukari ipunguze. Ila akikonda uso na mikono, huyo ana njaa kweli, mpeleke kwenye kituo cha afya.

Na huko kituoni, mwombe muuguzi ampime mikono ikiwa imenyooshwa, toka ncha ya kidole cha huku hadi ya kule. Kwa watu wengi kipimo hicho hukaribia kimo, na kwa mtoto wako kinaaminika zaidi kuliko kimo chenyewe.

Kwa mtoto mchanga, pima kichwa. Kikikua haraka, utosi ukavimba, macho yakaelekea chini, maji yamejaa kichwani, usingoje. Mbale, mashariki mwa Uganda, iko hospitali ya watoto ya CURE inayotibu hali hiyo.

Baadaye, anaporefuka, tazama mwendo wake. Ugwe wa mgongo huweza kunasa kwenye kovu la zamani, ukavutwa kadiri anavyokua. Aliyekuwa anatembea anaanza kujikwaa, mgongo unauma, mkojo unavuja kuliko zamani. Mrudishe kwa daktari wa upasuaji mapema, kwa sababu nguvu ikishapotea miguuni ni vigumu kurudi.

Msichana naye akiota matiti kabla ya miaka 8, sema kwa daktari. Balehe ya mapema huwapata zaidi watoto hawa, na husimamisha kimo kabla ya wakati.

Kipindi kijacho tutaongea juu ya kutoa mkojo kwa mrija nyumbani. Kwaheri.

(Muziki.)