Una D Nyingi? Uuguzi Bado Uko Wazi

Msikilizaji, kama cheti chako cha kidato cha nne kimejaa D, usikifungie kabatini. Stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Tanzania, ya miaka 3, inadai ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, walau D, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Hisabati na Kiingereza vinakuongezea nguvu tu.

Wengi wanakwamishwa na F ya Fizikia. Jisajili Baraza la Mitihani, NECTA, kama mtahiniwa wa kujitegemea, urudie somo hilo Novemba. Si lazima urudie yote.

Nanyi wazazi, nawasihi: msimpe hela dalali anayeahidi nafasi bila Fizikia. Kabla ya kulipa ada, hakikisheni chuo kimesajiliwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu na mafunzo ya ufundi.